Mnachokisifu Ni Ugonjwa

Alhamisi, jioni. Niko Same mjini, kwenye benchi nje ya wodi. Joto, upepo, vumbi. Sisi wa Suji tumezoea ukungu wa mlimani. Huku chini tunachoka hata bila kufanya kazi. Nami nimefika nikiwa nimeshachoka.

Mwanangu Elisante amelala ndani. Ni kitindamimba wangu, mtu mzima, ana mke na watoto. Wamemchoma sindano, akalala kama gunia. Siku nyingi hajalala hivyo.

Ana ugonjwa unaoitwa baipola. Najua wapo watakaosoma hapa waseme bibi ameokota neno la mjini. Semeni. Daktari wake, binti mdogo lakini ana kichwa, alinieleza tangu mara ya kwanza: ni ugonjwa wa ubongo, unampandisha mtu, halafu unamshusha. Akipanda halali, hachoki, maneno hayakatiki, kila jambo analiona dogo kwake. Akishuka, hata kunawa uso ni mzigo. Dawa zinautuliza, na hunywewa hata mtu akijiona mzima, kama mimi na vidonge vyangu vya presha. Si mizimu. Si mkono wa mtu.

Elisante aliacha dawa. Zilimtetemesha mikono, akawa anamwaga chai mbele ya wenzake, wakamcheka. Hapo alipaswa kurudi kwa daktari apunguziwe au abadilishiwe. Hakurudi.

Halafu pembe ikapigwa, tukaitwa msaragambo. Kwetu kazi ya wote haikwepeki. Safari hii ilikuwa kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Elisante aliingia topeni kabla ya wote, akatoka wa mwisho. Wengine wakipumzika, yeye anachimba. Anaimba, anatania, wanawake wanacheka mpaka wanakaa chini. Mwenyekiti wa kitongoji akasimama ukingoni akasema, "Huyu ndiye Mpare! Ninyi wengine mmekuja kuhesabu vyura."

Wakampigia makofi.

Sitadanganya, siku hiyo nilitembea shingo juu. Mama gani hapendi mwanawe asifiwe?

Jana akatangaza kwamba atachinja ng'ombe wangu wa maziwa awalishe wote, kisha achimbe mfereji peke yake mpaka Maore. Maore, upande wa pili wa mlima! Watu wakashangilia. Mimi nikawaacha hapo. Nikaenda nyumbani kwake, mkewe akanionyesha dawa. Pakiti ya mwisho haijaguswa.

Leo asubuhi nikaenda ndivani na fimbo yangu, nikamwambia atoke. Akacheka, akaendelea kuchimba. Jirani yangu Mama Nakijwa, ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika, akadakia, "Jamani dada, wenzio tunalia na watoto wavivu, wewe wako unamkataza kazi?"

Nikawafokea wote. Nikawaambia mnachokisifu ni ugonjwa. Mwaka juzi alipolala msimu mzima uso umeelekea ukutani, mlimwita mvivu, mkamtoza faini kwa kukosa msaragambo. Ugonjwa ni uleule! Ulipomlaza mlimtukana, leo umemwamsha mnampigia makofi.

Mwenyekiti akanisogelea taratibu. "Shikamoo mama. Mwache kijana afanye kazi."

Sikumjibu marahaba.

Niliingia topeni na magoti yangu haya mabovu, nikamshika Elisante mikono, nikaigeuza viganja juu, wote waone. Ngozi ilikuwa imetoka. Mpini wa jembe umelowa damu, na yeye alikuwa anaimba. Akavitazama viganja vyake kama vya mtu mwingine.

"Mama, mbona haviumi?"

"Ndiyo maana tunakwenda Same."

Hakuna aliyecheka tena. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyetafuta pikapu ya kubebea ndizi, akapanda nyuma pamoja naye. Msidhani Elisante alikuja kama mwanakondoo. Kwenye kona za kuteremka alinitukana matusi ambayo sijawahi kuyasikia kinywani mwake, akaniita mwizi wa furaha yake. Nilitazama mbele. Nilikuwa nalia, lakini hilo halimhusu mtu.

Daktari amesema watampa dawa nyingine, watampima damu mara kwa mara, na itachukua wiki kadhaa atulie. Amesema pia anaweza kushuka baada ya hapa. Najua. Yule wa ukutani namjua, nimemlisha uji kwa kijiko.

Nilimuuliza daktari, mnamtibu au mnamzima? Maana yule anayeimba naye ni mwanangu, nampenda. Hakukasirika. Akasema Elisante alikuwa mcheshi kabla ya ugonjwa na atakuwa mcheshi akitulia. Wanachokitafuta ni alale, na mkono wake ukiumia ajue. Nimemwelewa. Kuelewa hakuondoi uchovu.

Akiamka ataniuliza kwa nini nimemtoa siku ambayo watu hatimaye walimpenda. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko matusi.

Nitamjibu nini?

Atanikuta hapa kwenye benchi, na kabla hajaniuliza chochote nitamfokea kwanza ale.