Mwito Usioandikwa Daftarini

Jumanne. Mvua tangu alfajiri. Nguo nilizofua Jumapili bado mbichi kwenye kamba ya ukumbini, na nyumba nzima inanuka unyevu.

Hili sijamwambia mtu, hata mama. Jumatano iliyopita, saa tisa alasiri, Mzee Bakari aliita kwenye redio na mimi nilimjibu. Tulizungumza. Kisha nikafungua daftari la ofisi, na mbele ya jina la kituo chake nikaandika: Hakuna mwito.

Niliandika kwa mwandiko mzuri.

Tangu nimalize kidato cha nne nilikuwa nimekaa tu hapa Likoni nikingoja matokeo, mpaka Bi Zuhura, muuguzi jirani yetu anayesimamia ofisi ya mradi wa zahanati, akaniombea kazi ya redio. Alimwambia mama anataka msichana mtulivu. Utulivu ninao. Dukani mtu akinipita kwenye foleni huwa namwachia nafasi kana kwamba ni yake. Redio ilinifaa kwa sababu anayezungumza nami hanioni.

Zahanati ya Mzee Bakari iko ndani huko Kwale, hakuna umeme wala simu, na yeye ndiye mhudumu wake. Redio yake inatumia betri ya gari inayojazwa na paneli ya sola juu ya bati. Kwa hiyo haiachwi wazi kutwa. Huamshwa mara mbili kwa siku, saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri, dakika kumi tu, kisha hulazwa. Fundi Mutua aliyezifunga redio hizi alinifundisha kuwa kusikiliza kunakula betri kidogo sana, lakini kusema kunaila kama moto unavyokula makuti. Ndiyo maana akatunga namba. Moja, hatuna shida. Mbili, dawa zimepungua. Tatu, mafuta ya taa yamekwisha. Nne, leteni gari, kuna mgonjwa. Mzee anatakiwa ataje namba, mimi niirudie, tufunge. Hivyo hata wiki ya mawingu betri ingetosha.

Fundi husema siku moja kutakuwa na vyombo vidogo vitakavyolala vyenyewe, viamke, vitume namba yao mbali, vilale tena, bila mtu. Sawa. Vyombo hivyo havitakuwa vimelelewa na bibi yangu, aliyenifunza kuwa salamu hutangulia.

Maana Mzee Bakari ni rika la babu yangu, na hawezi kutaja namba kabla ya salamu. Ataanza na asalaam aleikum, nami nitaitikia; nitamwamkia, ataniuliza mama hajambo, mvua huko ikoje, wadogo zangu wanasoma. Wiki mbili nyuma Fundi alikuwepo ofisini akatusikia. Akanichukulia kipaza sauti mkononi.

"Mzee, hiyo betri ni ya kuita gari, si ya kuulizana habari za mbuzi."

"Mbuzi nao hawajambo, Fundi. Wanakusalimu."

Ofisi nzima ilicheka isipokuwa Fundi. Aliniambia mbele ya wote kuwa nikishindwa kumkatiza mzee, yeye mwenyewe atamwomba Bi Zuhura atafute msichana mwenye kinywa. Nilitazama viatu vyangu mpaka akaondoka.

Jumatano ilikuwa siku ya tano bila jua. Nilijua betri ni dhaifu, kwa kuwa tangu asubuhi sauti ya Mzee ilitoka kama iliyo ndani ya mtungi. Alasiri alisalimu kwa mkato. Asalaam aleikum, mjukuu wangu, basi. Alikuwa anajaribu. Nami nilipaswa kumwambia neno moja tu: namba.

Badala yake nikamwamkia shikamoo, nikamwuliza mguu wa mkewe unaendeleaje.

Mimi ndiye niliyeuliza.

Alinijibu, kwani mtu akiulizwa hali ya mkewe hujibu. Alisema uvimbe unapungua, alhamdulillahi, sasa anafika kisimani mwenyewe. Kisha akasema, "Sasa mjukuu wangu, hapa kuna..." na sauti ikakatika. Nilimwita mpaka dakika kumi zikaisha. Nilisikia upepo tu.

Sheria ni kuwa kituo kikikatika katikati ya maneno nimwarifu Bi Zuhura papo hapo, gari liende likaangalie. Alikuwa chumba cha pili, namsikia akipanga chupa. Lakini angeniuliza, mlizungumza nini? Nikajiambia ni mafuta ya taa tu, kila mara yanamwishia. Kesho ataita tena. Nikaandika nilichoandika.

Hayakuwa mafuta ya taa. Kulikuwa na mwanamke mwenye uchungu wa mimba yake ya kwanza, na mtoto amekaa vibaya. Walingoja gari ambalo hakuna aliyelituma. Alhamisi kulipokucha wanaume walimbeba na kitanda chake mpaka barabara kuu. Yeye yuko hospitali, anaendelea kupata nafuu. Mtoto alizaliwa amekufa.

Simjui huyo mama jina. Nimeogopa kuuliza.

Jana Mzee Bakari aliitwa ofisini. Sikuwahi kumwona. Kwa sauti yake nilidhani ni mrefu, kumbe ni mfupi, pindo la kanzu limejaa matope, na betri ameibeba mwenyewe ndani ya gunia ili ikajazwe. Bi Zuhura alimwuliza kwa nini hakuita. Akasema aliita. Bi Zuhura akafungua daftari akamsomea. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu kando ya redio, hatua tatu kutoka kwake.

Mzee alinitazama. Nilingoja aseme, na moyoni nilikuwa karibu kumshukuru.

"Kama daftari halina," alisema polepole, "basi huenda sauti haikufika."

"Kwa hiyo uliita, hukujibiwa?"

"Betri ilikwisha, mwanangu. Andika hivyo."

Fundi akasema betri haiishi yenyewe, mzee ameimaliza kwa porojo. Alhamisi hii kamati inakutana, na Bi Zuhura amesema wazi kuwa huenda wakamwachisha kazi. Alipokuwa anatoka, Mzee aliniita kutoka mlangoni. Niliitika abee. Kumbe alitaka tu nimsalimie mama.

Tangu hapo nimejitafutia maneno. Kwamba gari nalo lingekwama matopeni. Kwamba mtoto huenda asingepona. Huenda, Mungu ndiye ajuaye. Lakini hayo siyo anayolaumiwa Mzee Bakari. Analaumiwa kuwa mwito wake haukufika, na mwito ulifika, ulifika kwangu.

Nimewaza pia kuichana ile karatasi ya daftari. Hapo ningekuwa nimedanganya mara mbili.

Kesho, kabla Bi Zuhura hajatoka nyumbani kwake, nitagonga mlango. Ofisini mbele ya Fundi sitaweza, najijua. Hata mlangoni kwake huenda nisiweze, na nikishindwa nitampa kurasa hizi azisome nikiwa nimesimama pale pale. Kazi wataichukua. Mama atajua, na mtaa utajua. Na huyo mwanamke hospitalini atajua kuna msichana Likoni aliyesikia.

Basi, Bi Zuhura, kama ni wewe unayesoma: niliyoyafanya mimi yapeleke kwenye kamati, yote, usinipunguzie. Ila kuwa Mzee alijua nilimsikia, akanitazama, akanisitiri, hilo usimwambie mtu. Watasema alidanganya mbele ya ofisi, wamfukuze kwa hilo. Tafadhali, hilo tulijue mimi na wewe tu.