Daraja Lililobomolewa Bure

Nyangoto,
S.L.P. Tarime.
21 Novemba 1993.

Mpendwa dada Luciana,

Shikamoo dada. Habari za Iringa na baridi yake? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima. Dhahabu tu ndiyo imewatia watu wazimu, hata mwalimu wa darasa la tatu ameacha chaki akaingia shimoni.

Lile daraja la kijito chetu nililokuambia najenga lilibomolewa mwezi wa nane. Usishtuke, soma kwanza.

Mchoro ulitaka mabomba mawili makubwa ya kupitisha maji. Mkandarasi akaweka moja, tena zege akalichanganya na mawe ya kifusi cha mashimoni kwa sababu yako karibu. Mimi fundi mkuu nilijua, nikanyamaza. Naona aibu kukuandikia hili dada, maana ni kijito hichohicho kilichomchukua mdogo wetu Werema, na tangu siku ile Mama alikuwa havuki kuja kwangu.

Akaja mkaguzi wa barabara, bwana mmoja mfupi aitwaye Konstantino. Akapima alama ya mafuriko kwenye mti, akagonga zege kwa nyundo, likamegeka kama muhogo wa kuchemsha. "Bomoeni," alisema. "Mchoro si pambo la ukutani." Mkandarasi akalalamika kwamba kubomoa peke yake ni kazi ya mwezi, na vuli hiyo inakuja.

Basi jirani yetu Kisyeri, ambaye siku hizi ni mchimbaji, akaokota kipande cha zege akaona kinang'aa. Weee! Kesho yake watu walifurika na nyundo na magunia, siku tatu daraja hakuna! Walitwanga wiki nzima, hawakupata hata dhahabu ya kununulia chumvi. Mpaka leo Kisyeri ukimtajia daraja anageuza njia.

Kosa si kosa, kosa kurudia kosa. Tulijenga upya kwa mabomba mawili na mawe magumu ya mlimani, na toroli la kifusi mkandarasi alilolileta tena nililirudisha mwenyewe. Juzi mvua ilinyesha kutwa, kijito kikajaa, maji yakapita chini kwa chini.

Jana Mama alikuja. Alisimama ukingoni muda mrefu, akamwita Werema mara moja kwa sauti ya kawaida, kisha akavuka. Dada, nililia mbele ya vibarua wangu.

Msalimie shemeji Machage na binti yetu Theodora. Mungu awafunike kwa mkono wake. Mama yuko hapa anapeta mtama, anasema ukija Krismasi usihangaike kumtafuta ng'ambo.

Mdogo wako akupendaye sana,
Chrispin