Rangi Uliyoniachia Kichwani

Mama,

Ninaandika nikiwa kwenye kiti chako cha kuzunguka, mlango wa saluni nimeurudishia ili wateja wadhani nimetoka. Nina hofu. Nimeanza na hilo hata kabla ya salamu, maana hukupenda mtu azungukezunguke. Shikamoo, Mama.

Jumamosi napanda boti kwenda Mbaha kumpamba bibi harusi. Tangu uondoke nimeshawakataa watatu wa vijiji vya kule, kila mmoja nikimpa sababu yake. Huyu wa nne mama yake alinipigia mwenyewe, akasema binti hataki mikono mingine ila ya mtoto wako. Nikajikuta nimesema sawa.

Saluni ipo. Kioo kikubwa kimepata ufa pembeni, draya moja ya kukaushia nywele imekufa, na wateja wako wengi wamebaki, ingawa wakikaa kwenye kiti bado wanachungulia mlango wa nyuma kana kwamba utatokea na taulo. Habari kubwa ni nyingine. Ninajifunza kuogelea.

Usicheke. Najua ni mimi huyuhuyu uliyekuwa ukinishika mkono hata tukienda kuosha vyombo ziwani. Sisi ni watu wa milimani, na kwetu Mbuji maji ya mto yanaishia magotini. Lakini unamkumbuka Dada Mwanaidi, yule nesi wa Tanga uliyekuwa ukimsuka kila mwisho wa mwezi. Anaogelea kwa ajili ya mgongo wake kwenye bwawa la ile nyumba ya wageni iliyojengwa juu, njia ya kwenda Mbinga. Baada ya matanga alikuja hapa, akanitazama, akasema, "Devota, sikuombi. Jumanne na Ijumaa saa kumi jioni, uwe umevaa kaptula." Majirani wamenitania mpaka wamechoka. Wanasema ziwa zima liko hapo chini, mimi napanda mlima kwenda kuogelea. Waache. Bwawani naona vigae vya chini. Ziwani sioni kitu.

Wiki za mwanzo nilishika ukingo tu. Maji yakifika kifuani pumzi inakata. Dada Mwanaidi akiniambia nizamishe kichwa, nilikuwa na jibu langu tayari: nina rangi, Dada, dawa ya maji itaiharibu.

Na kweli rangi ninayo. Ni ile uliyonipaka asubuhi ile ya mwisho. Ulikamua mirija miwili, ukaongeza wa tatu bila kupima, ukakoroga, ikatoka rangi nyekundu ya kahawa iliyoiva mtini. Nimepekua daftari lako lote. Kuna majina ya wateja na siku zao, vipimo hakuna hata kimoja. Hakuna anayeweza kuitengeneza tena rangi hii, Mama. Nimejaribu mara tano kwenye nywele bandia.

Ndiyo maana matanga yalipokwisha, Shangazi Otilia alipotupanga nyuma ya nyumba kule Mbuji na wembe mpya, wenzangu wote wakanyolewa, mimi nikakataa. Nilisema msusi mwenye kipara nani atamfuata. Shangazi hakugombana. Alifuta wembe kwenye kanga, akasema, "Nywele za msiba usipozitoa, marehemu atazifuata mwenyewe." Nilicheka mbele za watu. Njiani kurudi hapa Mbamba Bay nilijifunga kitenge kichwani, nikakikaza.

Sasa sikia. Wiki ya tatu ya bwawa, nywele zikaanza kutoka na kitana. Kwanza chache, halafu mafungu. Nikiamka, mto umejaa. Ncha zikawa kavu kama nyasi za kuezekea, na ile rangi ya kahawa ikaanza kugeuka kutu. Nilidhani ni wewe. Nakwambia ukweli, nililala na rozari mkononi kama mtoto, nikakuomba kwa sauti: zichukue, Mama, ila usije. Asubuhi nikaona aibu kwamba namwogopa mama yangu mzazi, na jioni nikaogopa tena.

Ni Dada Mwanaidi aliyeniuliza nikitoka bwawani naziosha vipi. Nikamwambia sioshi. Nioshe ya nini? Tangu utotoni, tangu miaka ile ya kipindupindu, tumefundishwa kwamba maji yenye dawa ndiyo maji safi. Wewe mwenyewe ulikuwa ukidondosha dawa kwenye ndoo ya kunywa, ukifunika unasema, "Haya, sasa yamekuwa maji." Basi mimi nikitoka bwawani nilikuwa najifunga kitenge na kuziacha zikauke hivyohivyo, nikijua nimezitibu. Dada Mwanaidi alishika kichwa. Aliniuliza kama dawa inayoua vijidudu itaiona rangi ya nywele iipishe.

Hapo ndipo nilipokukumbuka ukiwa mlangoni, unamrudisha mteja aliyekuja kupaka rangi na kichwa kimelowa. "Nywele iliyolowa imeshashiba. Nenda ukauke kwanza." Nikaigeuza kanuni yako. Kama nywele iliyoshiba maji hainywi rangi vizuri, basi hata klorini, ile dawa ya bwawani, itainywa kidogo. Sasa kabla ya kuingia nasimama chini ya bomba mpaka zinachuruzika. Napaka mafuta ya nazi, ncha nikizizidishia kwa sababu ndizo kongwe, nasuka mbili kubwa, navaa kofia ya mpira. Nikitoka naenda bombani moja kwa moja, hata salamu siitikii. Shampuu, halafu kondishena niiache ikae. Jumapili stimingi, nazifukiza kwa mvuke. Baada ya wiki mbili kitana kikatoka kitupu. Nililia kwenye bafu la wageni mpaka mhudumu akagonga mlango. Kumbe hukuwa wewe.

Lakini ona sasa nilivyojiponza. Nywele zikawa salama, na mimi nikabaki bila kisingizio. "Kofia ipo, mafuta yapo," Dada Mwanaidi akasema. "Sasa kichwa." Sikuweza. Siku hiyo, na nyingine, na nyingine.

Mama, nikuambie jambo ambalo wewe unalijua na wengine hawalijui.

Asubuhi ile ulikuwa na bibi harusi wa kumpamba kwenye vijiji vya kule, na boksi lako la vifaa lilikuwa tayari mlangoni. Boti ya kwanza ilikuwa inaondoka saa moja. Mimi nilikuwa na sherehe ya sendofu ya rafiki yangu jioni, nikakusimamia na nywele zangu kavu, nikasema dakika arobaini tu. Ukavaa glovu huku unacheka. "Wewe mtoto utaniua," ulisema. Ulipomaliza kunisuuza boti ilikuwa imeshapiga honi na kwenda. Ukapanda ile ndogo ya mchana, upepo ukiwa umeshaamka. Haikufika kijiji cha Lundo. Boksi waliliokota, kitana chako kikiwa bado ndani.

Basi sikukataa wembe kwa ajili ya saluni. Wala si kwa mapenzi peke yake, ingawa mapenzi yalikuwepo. Niliogopa Shangazi akishika kichwa changu ataona rangi mbichi mpaka kwenye ngozi, naye si mjinga. Angejua imepakwa siku gani. Angehesabu saa.

Wiki iliyopita nilipanda Mbuji kumwambia. Nilimkuta kwenye kichanja, anachambua kahawa inayokauka. Nikaongea nikiwa nimesimama, yote, mpaka glovu. Hakuinua macho, aliendelea kutoa punje mbovu. Nikafikiri sasa atanifukuza. Halafu akasema, "Mama yako? Mama yako hakuwahi boti hata siku moja. Harusi yake mwenyewe, padre alivua mavazi akaenda kunywa chai." Akacheka, Mama, akacheka mpaka machozi yakawa ya kweli, tukalia wote pale juani. Nilitaka aniambie sina kosa. Hakuniambia. Alisema, "Ile boti waliijaza, na upepo ulikuwepo. Na rangi ilikuwepo. Vyote vilikuwepo, mwanangu." Akavuta kichwa changu akakinusa, akasema nanuka nazi.

Jumanne nikazamisha kichwa. Dada Mwanaidi alinishika mkono chini ya maji. Nilihesabu mpaka saba. Kule chini hakuna sauti za watu, unasikia moyo wako tu, unapiga masikioni. Na ndipo nikajua nilichokuwa naogopa muda wote huu. Si maji. Niliogopa kujua wewe ulisikia nini. Nilitoka nikikohoa, nikashika ukingo. Halafu nikarudi tena, nikahesabu mpaka kumi. Nilitaka kukaa nawe kidogo pale.

Usidhani nimepona. Naweza kuelea chali na kupiga miguu upana wa bwawa, zaidi ya hapo sijui. Dada Mwanaidi amenipatia jaketi la kuokolea, nimelijaribu mbele ya kioo chenye ufa nikaonekana kituko. Nitalivaa kuanzia ufukweni, wacheke wanaocheka.

Rangi yako imebaki vidole vinne kwenye ncha, nyingine nyeusi zimeshaota. Jumapili ni misa yako ya mwaka. Shangazi ameshanunua wembe, na safari hii nitakaa kwenye foleni yangu ya peke yangu nyuma ya nyumba, nitainamisha kichwa. Sitaficha hata shungi moja kwenye bahasha. Atazifukia kwenye migomba, pale alipozifukia za wenzangu. Lakini mpaka Jumapili ni zangu, na nimezipaka mafuta leo.

Lala salama, Mama yangu. Bado nakuogopa kidogo, nisamehe, itakwisha. Ahadi ninayo moja tu. Nitapanda boti ya kwanza, hata asimame nani mlangoni na nywele kavu, akiniomba dakika arobaini.

Mwanao,
Devota