Ukurasa wa Mwisho Niliouita wa Kwanza

Al Sadd, Doha
6 Machi 2015

Kwa kaka yangu mpendwa Henry,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. U hali gani? Yale maumivu ya mgongo yamepungua? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila miguu inavimba kwa kusimama langoni masaa kumi na mawili kila siku. Nick, tunayekaa naye chumba kimoja, hunicheka kwamba sare ya ulinzi inanibana kwa sababu ya wali wa kambini. Ndiye atakayekuletea barua hii pamoja na kifurushi, maana anakuja likizo.

Ndani ya kifurushi mna kitabu. Ijumaa iliyopita niliingia duka la vitabu hapa mtaani nikaiona manga yako, zile katuni za Kijapani za mhunzi anayewinda mapepo. Kumbe imefika kitabu cha thelathini na nne, na maskini mhunzi bado hajapumzika! Nikachukua cha kwanza, nikakifungua. Muuzaji, Mmisri mcheshi, alishangaa kuona nimeanzia kulia, kama wanavyosoma Kiarabu, akasema wateja wengi wa kwetu huanzia mwisho bila kujua. Akaniuliza nani alinifundisha. Nikalipa haraka, nikatoka.

Nimekisoma chote, na ndiyo maana nakuandikia. Unakumbuka mwaka 2006 Baba alivyoviteketeza vitabu vyako saba, pamoja na madaftari yako ya michoro. Alisema ukurasa wa kwanza tu una mtu anayemsujudia shetani, na yeye ni mzee wa kanisa. Ulihamia kwa shangazi Nakuru, ukaacha kuchora kabisa. Ukasema Virginia ndiye aliyekusaliti, kwa kuwa yeye peke yake alijua ulikovificha. Dada yetu aliapa, akalia, hukumsikiliza. Sasa anaolewa Aprili, na kwa kuwa Baba hayupo tena, alikuomba umpeleke kanisani. Ameniandikia kwamba ulimjibu atafute mtu mwingine.

Henry, ni mimi. Nilikuona ukipanda darini, na ulipotoka nikampelekea Baba kitabu cha kwanza. Nilikifungua kutoka kushoto, kama Biblia yake, nikamwonyesha mhunzi akiwa amepiga magoti mbele ya pepo, nikamwambia hivi ndivyo kitabu kinavyoanza.

Ningeweza kukuambia nilikosea tu, nawe ungeamini. Lakini wewe ulikuwa umenikalisha kando yako, ukanishika kidole ukakiongoza kutoka kulia. Nilijua ni ukurasa wa mwisho. Nilijua mhunzi amepiga magoti ili akate mnyororo aliofungwa mkewe. Nilikuonea wivu, basi. Wageni wakija Baba alikuwa akiwaonyesha michoro yako, mimi natumwa chai. Nilidhani atakukemea tu. Moto ulipowaka nilinyamaza, na Virginia alipolaumiwa nikanyamaza tena. Naona aibu mno, kaka. Barua hii nimeichana mara tatu.

Virginia nimemwandikia pia. Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba umshike dada yetu mkono, umwingize kanisani, na hiyo hasira ya miaka tisa unirudishie mimi mwenyewe.

Nisalimie shangazi na wote wanaoniulizia. Mungu akulinde.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuchongea,
Joram