Kaka Paskali, Tawi la Danieli Ulilipeleka Wapi?

Karatu, Jumamosi 14 Juni. Asubuhi ukungu mpaka mlangoni, manyunyu, baridi ya kuvaa soksi mbili.

Kaka Paskali,

Barua hii naiweka kwenye kundi la familia ili wote waisome. Usiseme ningekupigia kwanza. Nilikupigia. Na wewe kosa lako hukulinong'ona. Ulilisoma kwa kipaza sauti kando ya kaburi la Aama, bibi yetu sote, watu wamejaa mpaka kwenye mbaazi za jirani.

Nianze mbali kidogo, maana nakujua, mambo ya zamani huwa unayasahau kwa ustadi mkubwa.

Unakumbuka likizo ile Baba mdogo Danieli alipotuchukua kwenda kwake Endulen? Alikuwa ameoa Mmaasai na kuhamia huko. Tulilala nyumbani kwa mkewe, moshi ukakutoa machozi, na Naseriani, binti yao wa kwanza, akakucheka: "Huyu wa Karatu analia bila kupigwa!" Siku moja tulishuka bondeni, na wakati wa kurudi viatu vyako vipya vilikuchubua. Mimi nilitembea. Naseriani alitembea peku. Wewe Baba mdogo alikubeba mgongoni njia nzima, anakuimbia. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Na wewe ulizoea kubebwa mapema.

Unakumbuka pia ulipokuja kutoka chuo na kompyuta yako ya kwanza? Nilikuwa kidato cha tatu. Tulikaa jikoni kwa mama, ukanipa mfano wa shamba: shamba ni orodha, ndani yake kuna matuta, na kila tuta nalo ni orodha ya mashina. Ukaniambia nichuje mashina yaliyonyauka. Nikaanza kuyafuta humo humo nilimokuwa napita, kila nikifuta moja jingine linasogea na kunipita bila mimi kujua. Ukanipiga kikofi cha utani kichwani.

"We kichwa boga! Usikate unapopita. Jenga orodha mpya, weka unayoyataka. Ya zamani iache ilivyo."

"Na matuta ya ndani?"

"Nayo unajenga mapya. Ukinakili ganda la nje tu, matuta yanabaki yaleyale kwa zote mbili. Ukikata huku, na kule kumekatika."

Siku ile nilikuona mtu mkubwa. Nayaandika haya ili ujue umeanguka kutoka wapi.

Kwa maneno yako hayo niliitengeneza orodha ya ukoo. Jioni baada ya jioni nilikaa na Aama, yeye anataja, mimi naandika: jina la mtu, yuko hai au ni marehemu, na ndani yake orodha ya watoto wake, na ndani ya kila mtoto orodha ya watoto wake tena. Baba mdogo niliandika marehemu. Ndani yake nikaweka Naseriani na wadogo zake watatu. Aama alinisimamisha hapo. "Soma tena hao," akasema. Nikasoma. Akatikisa kichwa kwamba sawa.

Halafu Aama akafa, ukaja kutoka Dar es Salaam na koti lako. Nilikuwa kwenye masufuria na wanawake wenzangu. Ukasimama mlangoni.

"Vero, nipe faili lako. Nataka majina ya walio hai tu, niyasome kwenye historia ya marehemu. Kazi ndogo hiyo."

"Utafanya nakala kwanza?"

"Unamfundisha nani?"

Wanawake wakacheka. Mimi pia nikacheka, nikaona kweli, namfundisha nani.

Ukasoma. Ukamsoma baba, ukatusoma sisi watoto wake, ukapita moja kwa moja kwa watoto wa Shangazi Magdalena. Naseriani alikuwa amesimama mbele na wadogo zake, wametoka Endulen kabla hakujapambazuka. Nilimwona alivyoweka shuka vizuri begani, akingoja jina lake. Shangazi akakuuliza, na umati wote ukasikia: "Na wa Danieli je?" Wewe ukaitazama karatasi, hukuwatazama wao, ukajibu, "Karatasi ndiyo inasema hivi, shangazi."

Karatasi. Watu wanne wamesimama mbele yako, mmoja ana uso wa baba yake kabisa, na wewe unauliza karatasi kama wapo.

Waliondoka kabla ya chakula.

Kesho yake nilifungua kompyuta nikaona ulichofanya. Uliiambia programu: ukikuta marehemu, toa. Aama sikuwa nimemwandika marehemu bado, kwa hiyo ilimpita; ikamkuta Baba mdogo, ikamtoa, na watoto wake wote walio hai wakatoka naye kwa kuwa walikuwa ndani yake. Hukushuka chini kwanza kutazama nani anapumua. Ungeanza na watoto, ungewakuta, na baba yao angebaki mahali pake, marehemu, akiwa amewashika. Na ile nakala yako nayo ilikuwa ganda tupu. Ndani ulikuwa unakata orodha zangu zenyewe. Kisha ukahifadhi juu ya faili langu. Kwa hiyo hukuwaacha kwenye karatasi tu. Hata pale Aama alipowataka wasomwe mara ya pili hapakuwa na kitu.

Nilikuwa na nakala kwenye flashi. Nimewarudisha wote, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ndogo. Nilipokupigia kukueleza ulisema, "Si umerudisha? Basi yameisha. Ile ilikuwa hitilafu ya mfumo." Mfumo! Mfumo ulikuwa wewe, Paskali.

Mtu asiyejua namsamehe asubuhi hiyohiyo. Wewe ulijua. Uliyafundisha mambo haya jikoni kwa mama kabla mtu yeyote hajakulipa kwa ajili yake. Data za wanaokulipa huzigusi ovyo, wala usingethubutu. Ila za bibi yako ulizipitia na panga kwa sababu aliyekuwa anatazama ni mimi, na mimi nina unga mikononi.

Alhamisi nilipanda fuso la unga mpaka Endulen. Nilimkuta Naseriani anakamua. Hakusimama.

"Umekuja kutuhesabu, Vero?"

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Wako au wa yule mwenye koti?"

Nikampa orodha niliyochapa upya. Akafuta mikono, akaisoma orodha yote, akarudia jina la baba yake.

"Hii ni nzuri," akasema. "Lakini hii nimeisoma mwenyewe. Siku ile watu walimsikia yeye."

"Kompyuta iliwatoa, dada. Hakukusudia."

"Kompyuta ina mdomo? Nyie mlikuwa na midomo."

Akaniambia wajomba zake wanasemaje sasa: kwamba watu wa Karatu walimzika Danieli mara ya pili ili watoto wake wasirudi tena kuulizia shamba. Wadogo zake wameanza kuamini. Yeye bado, lakini amechoka kubishana. Kwenye siku ya kuweka msalaba kaburini kwa Aama hawatakuja. Watakuja kwa sharti moja: wewe uende kwanza, usimame kwenye boma la mama yake, mbele ya wajomba hao, uanze na Aama, ushuke kwa Danieli, ufike kwao wanne.

"Kipaza sauti asilete," akasema. "Huku tunasikia."

Sikukuombea nafuu. Nilimwambia nitakufikishia, nikanywa maziwa aliyonipa, nikarudi.

Leo mama ameniuliza kama kwenye viti vya kukodi aweke na vya watoto wa Danieli. Nimemwambia asubiri, mwenye jibu yuko Dar es Salaam anasema yameisha. Orodha nimemwachia Naseriani, utaikuta kwake. Kwa hiyo huna cha kubeba, Paskali, isipokuwa mdomo.

Ubaki salama na joto lako huko.

Mdogo wako,
Veronika

Nalala sasa, saa sita na robo usiku.