Udongo Nilioufuta Langoni

Ejok, hujambo, mjukuu wangu Akiru. Hapa Kakuma mbuzi wako salama, ila mimi sina raha nikimfikiria mamako huko Lodwar. Unauliza kama anywe mizizi ya emuron, mganga wetu, pamoja na dawa za saratani.

Nikiwa msichana nilimpeleka mama hospitali, tumbo likimuuma. Emuron alikuwa amempaka udongo na kumnywesha mizizi. Langoni niliufuta udongo kwa shuka, nikiogopa kugombezwa. Daktari akauliza kama ametumia dawa nyingine. Nikasema hapana. Baada ya sindano mama alizirai, daktari akahangaika kutafuta sababu, nami nikaificha ile shuka yenye udongo.

Mpaka leo sijui kama ni mizizi.

Mamako asinywe kwanza. Mpelekee daktari hiyo chupa ya mizizi, na kama amepakwa udongo, usimfute.

Bibi yako