Nilipouficha Msaada

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi zikufikie wewe na shemeji. Goti lako linaendeleaje? Mimi mwili mzima, moyo ndio haujatulia. Kalamu hii nimeishika na kuiweka chini mara tatu.

Juzi kazini tulimwita karani mmoja, mama mtu mzima, aijaribu programu yetu ya kuandikisha wagonjwa. Sisi wachoraji wa skrini tuna sheria yetu: mtu akijaribu, unakaa nyuma yake na kufunga mdomo, hata akikwama. Mama yule alitakiwa kusahihisha jina la mgonjwa, akakwama. Akavaa miwani, akaivua, akapapasa kioo kwa kidole kona zote nne, kisha akaniomba radhi na kuniuliza msaada uko wapi. Sikumjibu. Akasema basi, labda yeye ndiye mjinga.

Dada, hayo ndiyo maneno uliyoniambia kwenye simu huku unalia, siku walipokutoa mapokezi ya kituo chenu cha afya baada ya miaka kumi na tisa, wakakupeleka kukunja mashuka. Nami nilikucheka. Nilikwambia maelezo yote yamo humo humo, mwenye macho haambiwi tazama.

Yamo kweli, niliyaandika mimi. Programu iliyokushinda hapo kituoni ni yetu, na skrini ile niliichora kwa mkono wangu. Mwanzoni neno Msaada lilikaa juu kabisa, wazi. Nikaliondoa, nikalificha nyuma ya vinukta vitatu visivyosema lolote, eti lilikuwa linachafua mchoro wangu. Bosi akausifu usafi wa skrini, kichwa kikanivimba. Ulipopiga simu nilijua kosa ni langu, nikanyamaza. Naona haya, Dada. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kuuliza si ujinga, nami nikakuacha ujiite mjinga.

Jana nimelirudisha neno mahali pake. Mkuu wa kituo chako nimemwandikia pia, nikakiri yote na kumwomba akurudishie kiti chako. Hajajibu, na huenda asijibu.

Jumamosi nakuja. Mwambie shemeji asinipokee kwa utani wake, safari hii siustahili. Ukitaka kunifokea, nifokee mpaka uchoke, nami nitakaa kimya. Lakini ukiniuliza chochote, nitakujibu.

Ni mimi mdogo wako, yule uliyempa jina la Mjuaji.